Mti wa Pambo na Jina Lake: Ustahimilivu wa Miti ya Mapambo Katika Mji wa Matuu

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na mti mapema sana katika masomo yake. Anapofunzwa ngeli ya U-I, ambayo wanasarufi wa kimapokeo huiita ngeli ya M-MI, mfano wa kwanza kuandikwa ubaoni aghalabu huwa ni mti na miti. Baada ya hapo hufuata mwembe, mchungwa, mpera na mnazi. Majina haya yana utaratibu ulio wazi. Ukiondoa kiambishi cha ngeli unabaki na kile ambacho mti humpa binadamu: mwembe huzaa embe, mchungwa huzaa chungwa, mpera huzaa pera, nao mnazi huzaa nazi. Je, mti usiozaa tunda la kuliwa, mti ambao watu huupanda kwa ajili ya kivuli, maua na haiba yake, hupata wapi jina? Swali hili huonekana dogo hadi mtu aingie katika kitalu cha miche kando ya barabara, fedha zikiwa mkononi, asijue aitishe nini.

Makala haya yanachunguza miti ya mapambo katika mji wa Matuu, ulioko Yatta katika Kaunti ya Machakos. Yanakusudia kueleza mambo mawili yanayofungamana. Kwanza, yanaeleza maana ya ustahimilivu wa mti, yaani kwa nini mti mmoja hunawiri mahali ambapo mwingine hufa. Pili, yanaonyesha kwamba uchaguzi wa mti stahimilivu hutegemea pia majina tuliyo nayo. Hoja yetu kuu ni kwamba miti ya mapambo inayoifaa Matuu tayari imo Matuu, na ina majina ya Kikamba. Inachokosa ni nafasi katika Kiswahili cha maandishi, na upungufu huo wa lugha unachangia kuinyima nafasi katika vitalu na katika nyua zetu.

Suala hili si la starehe tu. Mnamo Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Mche hutiwa katika hesabu siku unapopandwa. Ukifa katika kiangazi cha kwanza, mara nyingi hakuna anayerudi kuuondoa katika hesabu hiyo.

Dhana ya Ustahimilivu

Fasihi nyingi ya kitaalamu kuhusu miti ya mapambo imeandikwa katika nchi za kaskazini, ambako adui mkuu wa mti ni baridi. Huko, mwenye bustani hauliza kwanza kama mti una maua mazuri. Huuliza kama utaufikia mwaka ujao. Idara ya Kilimo ya Marekani ilichapisha ramani ya kanda za ustahimilivu wa mimea mwaka 1960, na toleo la karibuni lilitolewa mwaka 2023. Ramani hiyo ina kanda 13, na kipimo chake ni wastani wa baridi kali kuliko zote inayofikiwa kila mwaka mahali fulani. Kila kanda hutofautiana na jirani yake kwa nyuzi 10 za Farenhaiti, ambazo ni takribani nyuzi 5.6 za Selsiasi. Katika kanda ya 2, kipimajoto hushuka hadi kati ya nyuzi 40 na 46 chini ya sufuri. Katika kanda ya 13, hakishuki chini ya nyuzi 15 hivi juu ya sufuri. Mkenya aliyelowea Minnesota akitaka kupamba ua wake hana budi kuijua kanda yake kabla ya kununua mche.

Tunapotaka kulieleza jambo hili kwa Kiswahili tunakumbana na ugumu wa kwanza wa lugha. Majira ya baridi ya kaskazini huwa tunayatafsiri kwa neno kipupwe. Lakini kipupwe chetu ni ubaridi wa kati ya Juni na Agosti, ambao mtu huukinga kwa kujitanda shuka. Maji hayagandi mtungini, wala ardhi haiwi ngumu kama jiwe. Msomaji anayeambiwa kwamba mti fulani unastahimili kipupwe hajaambiwa neno, kwa kuwa takribani kila mti wa kwetu unastahimili kipupwe. Ni bora tuseme wazi kwamba tunazungumzia baridi ya kugandisha.

Je, mti wa kaskazini huishije katika baridi hiyo? Siku zinapoanza kufupika, mti hupokea ishara ya kusitisha kukua. Miti ya majani mapana, mathalani Betula papyrifera yenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, huvirudisha virutubishi kutoka majanini hadi matawini na shinani, kisha hupukutisha majani yote. Miti kama Picea glauca, ambayo ni ndugu wa msonobari, hubaki na majani. Lakini majani hayo ni membamba kama sindano na yamepakwa nta ili yasipoteze maji. Ndani ya matawi, maji hutoka katika seli na kugandia katika nafasi zilizo baina ya seli, ilhali sukari huongezeka ndani ya seli zenyewe. Seli hunusurika kwa kukubali kukaushwa.

Hapa ndipo kaskazini na Yatta zinapokutana. Ardhi ikiganda, mizizi haiwezi kuvuta maji hata kama theluji imejaa pande zote. Kwa mti, majira hayo ni aina ya ukame. Ndiyo maana mbinu za miti ya pande hizo mbili hufanana: kupukutisha majani msimu mbaya unapoingia, kuwa na majani madogo sana, kuweka akiba ndani ya shina na mizizi, na kusubiri. Mgunga wenye vijani vidogo mno na Picea yenye majani ya sindano vyote viwili vinapunguza eneo ambalo maji yanaweza kupotelea.

Hata hivyo, kufanana kwa mbinu hakumaanishi kwamba miti hiyo inaweza kubadilishana makao. Betula ya kaskazini huhitaji msimu wa baridi ili machipukizi yake yafunguke sawasawa, na mizizi yake haipendi udongo wa moto. Muuku wa Ukambani ukipelekwa Minnesota utakufa katika usiku wa kwanza wa kuganda. Kwa hiyo, ustahimilivu si sifa ambayo mti huibeba kila uendako. Ni uhusiano baina ya mti na mahali. Anayeuliza kama mti ni stahimilivu hana budi aeleze pia ni wapi, na dhidi ya nini.

Matuu na Adui Wake

Msafiri atokaye Thika kuelekea Garissa hupita chini ya Kilimambogo, akafika Kithimani, kisha Matuu. Mji huu uko takribani kilomita 100 kutoka Nairobi, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,200. Uko katika eneo la Uwanda wa Yatta, ambao ni mabaki ya mmiminiko wa lava wenye urefu wa karibu kilomita 290, na ambao huhesabiwa miongoni mwa mimiminiko mirefu zaidi duniani. Karibu na mji hupita Mfereji wa Yatta, wenye urefu wa takribani kilomita 60, ambao hutoa maji katika Mto Thika. Mfereji huo ulichimbwa katika miaka ya 1950 kwa jasho la watu waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari. Wakulima walio karibu nao hupanda mboga na matunda. Wanaoishi mbali nao hutegemea mvua.

Mvua yenyewe ni takribani milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, nayo hunyesha katika misimu miwili. Masika huanza Machi na kwisha Mei. Vuli huanza Oktoba na kwisha Desemba. Mgeni kutoka nyanda za juu huitumaini masika, lakini Mkamba huitumaini zaidi vuli, kwa sababu ndiyo inayoaminika. Baina ya misimu hiyo kuna kiangazi, na kile cha kuanzia Juni hadi Oktoba hukausha udongo mpaka ukapasuka. Ipo miaka ambayo msimu mzima hupita bila mvua ya kutosha. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana katika sehemu nyingi kame za Kenya. Zaidi ya ukame kuna mchwa, ambao hushambulia mche uliodhoofika, na kuna mbuzi, ambao hawajui tofauti ya lishe na pambo.

Kwa ramani ya kanda 13 tuliyoitaja, Matuu ingeangukia karibu na mwisho wa orodha, pamoja na sehemu nyingi za joto zilizo na mvua tele. Kipimo hicho kingetwambia machache, maana hapa mti hauuawi na baridi. Kipimo kinachoifaa Matuu ni idadi ya miezi ambayo mche unaweza kuishi bila mvua.

Miti Iliyoletwa na Majina Yake

Miti mingi ya mapambo inayoonekana katika miji ya Kenya ilitoka ng'ambo. Tukiyachunguza majina yake tutaona kwamba, kwa kuwa haina tunda la kuipa jina, Kiswahili kimelazimika kutafuta njia nyingine za kuiita.

Njia ya kwanza ni kukopa. Mjakaranda, uliotoka Amerika ya Kusini, umepata jina lake kutoka lugha za Watupi na Waguarani kupitia Kireno, kisha ukaingizwa katika ngeli ya U-I: mjakaranda, mijakaranda. Mti huu huipamba Nairobi kwa maua ya zambarau mnamo Oktoba na Novemba. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700 na hupata mvua nyingi kuliko Matuu. Mtu anayeuona huko na kuutamani anapaswa kukumbuka kwamba mche wake ukipandwa Yatta utahitaji kunyweshwa hadi mizizi ishuke.

Njia ya pili ni kuuita mti kwa wakati wake. Delonix regia, mti wa Madagaska wenye maua mekundu kama moto, huitwa mkrismasi kwa sababu huchanua kuelekea Desemba. Jina hili linapendeza, ila kwa Wakenya wengi wa bara mti wa Krismasi ni ule wa kijani unaoingizwa nyumbani na kupambwa kwa taa. Jina moja linaelekeza kwenye miti miwili isiyohusiana hata kidogo.

Njia ya tatu ni kuuita mti kwa sifa au kwa mahali. Mwarobaini, uliotoka bara Hindi, uliitwa hivyo kutokana na imani kwamba unatibu maradhi 40. Mti huohuo huitwa pia mkilifi, kwa kuhusishwa na Kilifi katika pwani ya Kenya. Huu ni miongoni mwa miti ya kigeni inayoifaa Matuu: huvumilia udongo mbaya, hubaki na majani mabichi katika sehemu kubwa ya kiangazi, na kivuli chake ni kizito.

Tatizo kubwa zaidi limo katika jina mjohoro. Katika orodha nyingi za miti, mjohoro ni Senna siamea, mti wa Asia wenye maua ya manjano unaopandwa kwa kivuli na kuni, na ambao huchipuka tena upesi ukikatwa. Lakini katika orodha nyingine mjohoro ni Delonix regia, yaani mkrismasi uleule tulioutaja. Kwa mwanaisimu huu ni mfano mzuri wa neno moja kubeba maana mbili. Kwa mwenye nyumba ni hasara. Mjohoro wa manjano husimama wima na unaweza kupandwa mstari mmoja kando ya ua. Mjohoro mwekundu hutandaza matawi mapana kuliko urefu wake, na mizizi yake hutambaa juujuu ikanyanyua sakafu na kupasua ukuta wa tangi la maji. Mtu anayenunua mmoja akidhani ni mwingine huligundua kosa baada ya miaka kadhaa, na kulirekebisha wakati huo huhitaji shoka.

Upo pia mti ambao Kiswahili hakijaupa jina lililokubalika. Terminalia mantaly, uliotoka Madagaska, umeenea katika miji ya Kenya, mbele ya benki, makanisa na vituo vya petroli. Matawi yake yamepangika ghorofa kwa ghorofa, na wengi huuita tu mti wa mwavuli. Jina hilo halitofautishi, maana hata mgunga una umbo la mwavuli. Tunautaja hapa kwa sababu una ndugu aliyezaliwa Ukambani.

Miti ya Nyumbani

Ndugu huyo ni Terminalia brownii, ambao Wakamba huuita muuku. Hata muuku una matawi yaliyopangika kwa tabaka, ingawa si kwa unyoofu wa yule wa Madagaska. Majani yake hugeuka kuwa mekundu kabla ya kupukutika, na matunda yake yenye mabawa huwa na rangi ya zambarau iliyokolea, hivi kwamba mti husimama na pambo hata baada ya maua kwisha. Huota wenyewe katika nchi kavu. Pamoja na sifa zote hizo, muuku hujulikana zaidi kwa mbao, nguzo, dawa ya kienyeji na makaa. Huenda basi mtu akalipia mche wa mwavuli wa Madagaska na kuupanda mbele ya nyumba yake, huku muuku ulio nyuma ya nyumba hiyohiyo ukikatwa na kuchomwa makaa. Miti hii ni ya jenasi moja, na hakuna anayewaambia watu hivyo kwa lugha wanayoisoma.

Mti wa pili ni mgunga. Kiswahili kimekuwa na jina hili kwa muda mrefu, nalo hujumuisha spishi kadhaa zenye miiba. Ule wenye kitambaa cha matawi kilicholala kama meza, ambao Wakamba huuita mulaa, hupeleka mizizi chini sana kutafuta maji, na maganda yake huanguka wakati wa kiangazi na kuwa chakula cha mbuzi. Zamani wanasayansi waliuita Acacia tortilis. Mwaka 2005, Kongamano la Kimataifa la Botania lililofanyika Vienna liliamua kwamba jina Acacia libakie kwa kundi ambalo sehemu kubwa yake ni miti ya Australia, na uamuzi huo ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011. Migunga ya Afrika ikagawanywa katika jenasi mbili, Vachellia na Senegalia. Mulaa sasa ni Vachellia tortilis. Wako waliosikitika kwamba Afrika imepokonywa jina. Mzungumzaji wa Kiswahili hakupokonywa chochote: mgunga ulikuwa mgunga kabla ya Vienna, na umebaki mgunga baada yake. Hili linatukumbusha kwamba jina la kienyeji likishika mizizi huweza kuwa thabiti kuliko lile la kitaalamu.

Mti wa tatu ni muvuti, yaani Erythrina abyssinica. Gome lake ni nene lenye mikunjo na mashimo, mfano wa kizibo. Katika kiangazi, ukiwa hauna jani, hutoa maua mekundu yenye kuelekea rangi ya machungwa, yanayosimama mwishoni mwa matawi kama mishumaa. Hauhitaji hata kitalu, kwani kipande cha tawi kikichomekwa ardhini kabla ya mvua huchipuka. Lililo la kuangaliwa ni mbegu zake, nyekundu zenye doa jeusi, ambazo zina sumu na zinavutia macho ya watoto. Miongoni mwa majina yake ya Kiswahili yaliyorekodiwa ni mwambangoma. Msomaji wa fasihi simulizi ataikumbuka papo hapo methali ya mwamba ngoma anayeivutia ngozi kwake. Lakini ni wanafunzi wangapi wanaojua kwamba mwambangoma ni mti pia?

Mti wa nne ni mukau, Melia volkensii. Huu hupatikana katika nyika za Afrika Mashariki na unasifika kwa mbao zake, ambazo mchwa haziwezi kwa urahisi. Maua yake meupe hunukia, na majani yake mapya huchipuka kabla ya mvua kuanza, wakati ambapo macho ya mtu yamechoshwa na rangi ya vumbi. Ugumu wake uko katika mbegu. Ganda la kokwa ni gumu mno, na haliachii mbegu mpaka lipasuliwe kwa uangalifu. Kisha mbegu yenyewe huchanjwa na kulowekwa kabla ya kusiwa. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, iliyoanzishwa mwaka 1986, imeshughulikia mti huu kwa miaka mingi na ina mashamba ya mbegu bora za mukau Kitui na Kibwezi. Haya ni maarifa yaliyo karibu na Matuu. Yanahitaji kufika kwa mpandaji kwa lugha anayoielewa bila mkalimani.

Kwa mpandaji huyo, kanuni chache zinatosha. Mche upandwe vuli inaposhika, ili upate msimu mzima wa kushusha mizizi. Shimo liwe pana, takribani sentimita 60 kwa kila upande, na lizungukwe na kingo za udongo ili maji ya mvua yasikimbie. Hii ni mbinu inayojulikana vyema Yatta, ambako baada ya ukame wa mwaka 2009 wakulima walianza kuchimba mashimo ya kupandia na vidimbwi vya maji ili waache kutegemea mwolyo, yaani chakula cha msaada. Majani makavu yafunike udongo bila kugusa shina. Miiba ya mgunga izungushiwe mche dhidi ya mbuzi. Na maji yatolewe kidogokidogo kwa angalau viangazi viwili vya mwanzo.

Ustahimilivu Usio na Mpaka

Si kila mti unaostahimili ukame unafaa kukaribishwa. Katika miaka ya 1970 na 1980, mti wa Prosopis juliflora kutoka Amerika uliletwa na kuenezwa katika sehemu kame za Kenya ili kuzuia mmomonyoko wa udongo na kutoa kuni. Ulistahimili kila kitu. Ulienea katika malisho ya Baringo, Turkana na Tana River, ukaziba njia na kuzisonga nyasi. Maganda yake matamu yaliharibu meno ya mbuzi, na wakazi wa Baringo waliokwenda mahakamani kuilaumu serikali walipeleka mbuzi asiye na meno awe kielelezo. Mwaka 2008 mti huo ulitangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Wakenya huuita mathenge. Ni jina la mtu, nalo halikuwahi kuvishwa kiambishi cha miti. Matokeo yake ni kuyumba kwa upatanisho wa kisarufi: mmoja husema mathenge umeenea, mwingine mathenge imeenea, na yuko anayeisikia ma- ya mwanzo akasema mathenge yameenea. Lugha inaonekana kama kwamba haijaamua kuupa mti huu uraia. Funzo kwa Matuu ni kwamba swali la pili baada ya "je, utaishi?" linapaswa kuwa "je, utawaacha wengine waishi?" Muuku, mulaa, muvuti na mukau zimekwisha kulijibu swali hilo, kwa kuwa zimeishi na nyasi, nyuki na mbuzi wa Ukambani kwa vizazi vingi.

Kazi ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Tatizo tulilolieleza lina upande ambao wataalamu wa misitu hawawezi kuutatua peke yao. Mara nyingi kamusi zetu hutosheka kusema kwamba neno fulani ni aina ya mti. Maelezo hayo hayamsaidii mtu kuutambua mti wenyewe akiuona. Mwanafunzi anayerudi nyumbani likizoni anaweza kuanza kazi hii kwa daftari na kalamu: aandike jina la Kikamba, jina la Kiswahili kama lipo, jina la kisayansi, umbo la jani, rangi ya ua, mwezi wa kuchanua na matumizi. Wa kuulizwa ni wazee, waganga wa mitishamba, wafuga nyuki na mafundi wa vinyago wa Wamunyu. Hata mchoma makaa aulizwe, maana huijua miti kwa majina kuliko wengi wetu.

Kuhusu kuyaingiza majina hayo katika Kiswahili, sarufi inaturahisishia kazi. Kikamba na Kiswahili ni lugha za Kibantu, na kiambishi mu- cha Kikamba hulingana na m- ya Kiswahili. Mukau unaweza kuwa mkau, wingi wake mikau. Muuku unaweza kubaki ulivyo, kwa mfano wa muundo na muungano, na wingi wake ukawa miuku. Muvuti unahitaji uangalifu kidogo, kwa kuwa mvuti unakaribiana na maneno yatokanayo na kitenzi vuta; lakini mwambangoma upo tayari kuchukua nafasi. Iko miti ambayo Wakamba huipa kiambishi ki-, kama vile kilului. Katika Kiswahili ki- huelekea kuleta maana ya udogo, na mti mkubwa unaweza kudhaniwa ni kijiti. Hata hivyo tunao kifabakazi, mti mrefu wenye maua mekundu, ambao umeishi katika ngeli ya KI-VI bila kulalamikiwa na mtu. Njia zipo, yanayotakiwa ni makubaliano.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ustahimilivu wa mti hupimwa kwa mahali pake. Kipimo cha kaskazini ni baridi ya kugandisha, na kipimo cha Matuu ni kiangazi. Tumeona pia kwamba miti ya kigeni ina majina yanayogongana, ilhali miti ya nyumbani ina majina yasiyovuka mpaka wa Kikamba. Waswahili husema penye miti hapana wajenzi. Matuu ina miti ya kupamba kila ua, shule na njia, lakini inaendelea kuagiza miche kutoka mbali.

Vuli ijayo itakaponyesha, watu wataingia tena vitaluni na kuitisha miti wanayoyajua majina yake. Muuku hautaitishwa na asiyewahi kuusikia wala kuusoma. Ni wajibu wetu sisi tunaojifunza lugha hii kuhakikisha kwamba jina hilo linasikika na kusomwa wakati miti yenyewe ingali imesimama, ili anayetaka kuupanda ajue aitishe nini.